Video moja, ajali mbili: baraza limwamini nani?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mjumbe wa baraza la usuluhishi la kata huku Morogoro. Tuna shauri dogo linalotutesa. Bodaboda na mzee wa mkokoteni wa mayai waligongana njia panda. Hakuna aliyeumia, lakini mayai yote yaliharibika. Shahidi wa kwanza, kijana wa kijiweni, anasema mkokoteni ulikatiza ghafla. Wa pili, mama muuza nyanya, anasema pikipiki ilikuja kama risasi. Wote nawajua, si waongo. Tukapata video ya simu, tukadhani tumepona. Tuliitazama pamoja, tukairudia kwa mwendo wa taratibu, na kila upande ukaondoka umeamini zaidi kwamba una haki. Kuna na bibi mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani kwake. Anasema dereva aliyeletwa siye, lakini tulipomtaka aeleze sura ya aliyemwona alikwama, tukamweka kando. Je, watu wanaona kwa macho au kwa mioyo? Na kama maneno hayatoshi, sisi tufanyeje, maana kazi yetu yote ni maneno?

JIBU: Ndugu mjumbe, nianze na ile video, kwa kuwa naona ndiyo iliyowavunja moyo kuliko yote. Mlitegemea picha imalize ubishi. Wengi wametegemea hivyo kabla yenu, wakiwemo majaji wakubwa.

Mnamo Novemba 1951 timu za vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, zilikutana katika kandanda ya Kimarekani. Ulikuwa mchezo wa kuumizana. Nyota wa Princeton alitolewa robo ya pili akiwa amevunjika pua, na robo ya tatu mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Princeton walishinda, na lawama zikaendelea magazetini muda mrefu baada ya mchezo. Wanasaikolojia wawili, Albert Hastorf wa Dartmouth na Hadley Cantril wa Princeton, wakaichukua filamu ya mchezo huo, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili na kuwaomba wahesabu rafu. Wanafunzi wa Princeton waliwahesabia Dartmouth rafu karibu 10 kwa wastani, na timu yao wenyewe rafu 4 hivi. Wanafunzi wa Dartmouth waliona rafu 4 na kitu kila upande. Filamu ni ile ile. Katika taarifa yao ya mwaka 1954 wanasimulia pia habari ya mhitimu mmoja wa Dartmouth aliyepelekewa filamu awaonyeshe wenzake. Aliitazama kwanza peke yake, akatafuta zile rafu za timu yake alizozisikia sana, hakuziona. Akapeleka telegramu kuuliza mbona sehemu muhimu zimekatwa, akaomba zitumwe kwa ndege, akaongeza kwamba vifaa vya kuunganishia filamu anavyo.

Watafiti wale walikwenda mbali zaidi. Walisema hapakuwa na mchezo mmoja pale uwanjani, kila upande ulikuwa na mchezo wake. Hapo mimi siwafuati. Pua ilivunjika kwa watu wa Princeton na kwa watu wa Dartmouth, na mayai ya yule mzee yamevunjika kwa kijana wa kijiweni na kwa mama wa nyanya pia. Ninachokichukua kwao ni kidogo kuliko hicho, ila kwa baraza lako kina uzito. Rafu haionekani kama inavyoonekana pua iliyovunjika. Ili uione rafu, lazima uzijue kanuni, ukisie nia ya aliyegonga, kisha uamue kama nguvu aliyotumia ilizidi kiasi, na katika kila hatua kati ya hizo moyo unapata mlango. “Ghafla” ni neno la aina hiyo. “Kama risasi” nalo ni hivyo hivyo.

Nimetaja majaji. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la askari mmoja wa jimboni Georgia aliyeligonga kwa makusudi gari alilokuwa akilifukuza, na kijana aliyekuwa akiliendesha akapooza. Mbio zile zilirekodiwa na kamera za magari ya polisi. Majaji wanane waliona video inajitosheleza, kwamba kijana aliwahatarisha watu, na mahakama ikaiweka video hiyo kwenye tovuti yake ili kila mtu ajionee. Jaji wa tisa, John Paul Stevens, aliitazama na kuona hatari ndogo kuliko waliyoiona wenzake. Miaka miwili baadaye profesa wa sheria Dan Kahan na wenzake wawili walichapisha utafiti ambamo Wamarekani 1,350 walionyeshwa video hiyo. Wengi walikubaliana na wale wanane, lakini wasiokubaliana hawakutawanyika ovyo. Walifuatana kwa misimamo yao kuhusu usawa na mamlaka, na pia kwa rangi na kipato. Mwaka 2012 Kahan na wenzake wakaja na jaribio lililonishtua zaidi. Walitumia video moja ya maandamano. Nusu ya watazamaji waliambiwa waandamanaji wanapinga utoaji mimba mbele ya kliniki, nusu nyingine wakaambiwa wanapinga sera ya jeshi kuhusu askari mashoga mbele ya ofisi ya kuandikisha askari. Waliulizwa mambo ya macho matupu: je, waandamanaji waliwazibia watu njia, waliwatisha? Majibu yalifuata kile mtazamaji anachokithamini. Waandamanaji wa upande wake “walisema yaliyo moyoni mwao”, wa upande wa pili “walizuia watu”.

Sasa wafikirie mashahidi wako. Yule kijana anaishi kwa pikipiki. Kila siku anajihadhari na watu wanaoingia barabarani bila kutazama, na akianguka hakuna wa kumlipia dawa. Yule mama anaishi ukingoni mwa barabara. Kila siku anajihadhari na magurudumu yanayopita karibu na meza yake na watoto wake. Kila mmoja ana kitu cha thamani anachokilinda, na kwa kukilinda amejifunza kuona hatari moja mapema kuliko nyingine. Macho ya kijana yako mkokotenini kabla haujakatiza. Ya mama yako kwenye pikipiki kabla haijafika. Zilipotokea zile sekunde mbili, kila mmoja alikuwa tayari ana nusu ya tukio mkononi.

Ukidhani nazidisha, nikupe mfano wa wataalamu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa madaktari 24 wa kusoma picha za mionzi kazi yao ya kawaida ya kutafuta vinundu kwenye picha za mapafu. Ndani ya picha za mwisho walipachika umbo la sokwe, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wao walimtazama moja kwa moja. Hawakuwa wazembe hata kidogo. Walikuwa wakitafuta kwa bidii kile ambacho uhai wa mgonjwa unakidai, na bidii hiyo hiyo ndiyo iliyowapitisha juu ya sokwe.

Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu jambo hili hupendwa na watu wanaotaka kutuambia kwamba ukweli haupo. Mwaka 1947 wanasaikolojia Jerome Bruner na Cecile Goodman waliripoti kwamba watoto waliiona sarafu kubwa kuliko kipande cha kadibodi chenye ukubwa ule ule, na watoto wa maskini waliikuza zaidi kuliko watoto wa matajiri. Habari hiyo ikazunguka dunia. Waliorudia jaribio hawakupata matokeo yale yale kila mara, na mwaka 2016 Chaz Firestone na Brian Scholl walipitia tafiti nyingi za aina hiyo na kutoa hoja nzito kwamba karibu zote zinapima kitu kingine: mtu alielekeza macho wapi, anakumbuka nini, au anahukumu vipi alichokiona. Mimi niko upande wao. Sioni ushahidi mzuri kwamba tunu za mtu, yaani vile anavyovithamini, hupaka rangi mpya kwenye jicho lenyewe. Kazi kubwa ya tunu ni kuamua utazame wapi, ujaze nini palipo na pengo, na ulichokiona ukiite nini. Kwa baraza hiyo ni habari njema, kwa sababu mambo hayo matatu mnaweza kuyashughulikia.

Kurudia video kwa mwendo wa taratibu ni moja ya njia za kujaza pengo vibaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu wakitazama tukio la kuumiza kwa mwendo wa taratibu, huona nia ya makusudi zaidi kuliko wakilitazama kwa mwendo wake halisi. Wanahisi mtendaji alikuwa na muda mrefu wa kufikiri, wakati hakuwa nao. Mlipoipunguza kasi mlimwona bodaboda “akiamua” kutosimama na mzee “akiamua” kukatiza. Hakuna aliyeamua chochote katika muda ule. Itazameni kwa mwendo wake wa kawaida, na mwendo wa taratibu uwe wa kupimia tu.

Nakuja kwenye maneno. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za magari yakigongana, kisha wakauliza yalikuwa yakienda kasi gani. Tofauti ilikuwa kitenzi kimoja tu ndani ya swali. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, tuseme magari “yalipoparamiana”, walikadiria wastani wa kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi laini, “yalipogusana”, walikadiria 51. Katika jaribio la pili waliwaita wanafunzi tena baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 waliviona. Kati ya 50 walioulizwa magari “yalipogongana” tu, 7. Kati ya 50 ambao hawakuulizwa habari ya kasi kabisa, 6. Neno la muulizaji liliingia kwenye kumbukumbu ya shahidi, likaacha vioo humo, na shahidi akavisimulia kwa moyo mweupe kabisa.

Kwa hiyo mwombe katibu wako akusomee muhtasari wa kikao. Tazama si walichojibu mashahidi, bali mlivyowauliza. Kama kuna mahali mmeandika “pikipiki ilipomparamia mzee” au “mzee alipoingia barabarani”, baraza limekwisha kutoa hukumu ndani ya swali. Haina maana mmefanya kusudi. Nanyi mna tunu zenu, wengine mmelelewa na wafanyabiashara wadogo, wengine wana watoto wanaoendesha bodaboda, na ulimi huchukua neno lililo karibu.

Dawa ya hili inajulikana. Tangu miaka ya 1980 Ronald Fisher na Edward Geiselman wamejenga namna ya kuwahoji mashahidi ambayo msingi wake ni kunyamaza. Mrudishe shahidi kwa mawazo mahali alipokuwa, alikuwa ameshika nini, jua lilikuwa upande gani, alisikia nini. Kisha mwambie asimulie kila kitu, hata kile anachokiona hakina maana, na usimkate. Kunyamaza ni kugumu kuliko inavyosikika. Fisher na wenzake waliposikiliza kanda za wapelelezi wa polisi wa Florida, Marekani, waligundua kwamba kwa wastani shahidi alikatwa kauli baada ya sekunde 7 na nusu. Shahidi akimaliza, ulizeni kwa maneno aliyoyatumia yeye. Akisema “ilipita”, mseme “ilipita”.

Kuhusu kuwaambia watu “semeni kwa haki, bila upendeleo”, mnaweza kusema, lakini msilitegemee sana. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye misimamo mikali ushahidi wa pande zote mbili. Wale walioombwa tu wawe waadilifu hawakubadilika, kwa kuwa kila mmoja alijiona tayari ni mwadilifu. Waliosaidika ni wale walioombwa wajiulize: je, ushahidi huu huu ungelipata jibu la upande wa pili, ningeupima vile vile? Kwa shauri lako, mwulize yule kijana: kama aliyesukuma mkokoteni angekuwa mdogo wako, na aliyekuwa juu ya pikipiki mgeni usiyemjua, picha hii ungeieleza vipi? Mama wa nyanya naye mpe swali la aina hiyo. Mpe kila mmoja muda, na asijibu mbele ya mwenzake.

Sasa pimeni kinachopimika. Katika video tafuteni vitu viwili visivyohama ambavyo pikipiki ilivipita, kwa mfano nguzo ya umeme na kona ya duka. Nendeni na futi ya kamba mkapime umbali kati yake. Simu nyingi hurekodi picha 30 hivi kwa sekunde, na kijana yeyote mwenye programu ya kuhariri video atawahesabia. Ikiwa pikipiki ilipita mita 15 kwa sekunde moja na nusu, hiyo ni kilomita 36 kwa saa. Fanyeni vivyo hivyo kwa mkokoteni: ulikuwa umeshaingia barabarani sekunde ngapi kabla ya kugongwa? Namba hizi hazina kijiwe wala meza ya nyanya.

Zikishapatikana, ubishi utapungua, lakini hautaisha, na wala hamtakiwi kuumaliza kwa namba. Bado litabaki swali kama kilomita 36 ni nyingi mno kwa njia panda yenye watu wengi vile, na kama mtu mwenye mzigo unaovunjika anadaiwa kusimama kwanza. Hapo mnauliza kata yenu inathamini nini. Ndipo mahali halali pa tunu, na ndiyo kazi ambayo wazee wa baraza wamekalishwa kuifanya. Kosa ni kuziacha zifanye kazi kwa kujificha ndani ya “nimeona”. Zileteni mezani, mzitaje kwa jina, kila upande usikie mmechagua nini na kwa nini.

Umeniuliza pia kama maneno yanatosha. Hayatoshi, lakini mpaka wake hauko pale wengi wanapoudhani. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha utafiti juu ya Wajahai, wawindaji wa misitu ya rasi ya Malaya. Waliwapa harufu wazitaje, wakawapa na wasemaji wa Kiingereza harufu zile zile. Wasemaji wa Kiingereza walizungukazunguka, kila mmoja na lake, wakati Wajahai walitaja harufu kwa wepesi ule ule wa kutaja rangi. Pua zao ni kama zetu. Ila kwao harufu ina uzito katika maisha, na lugha yao imechimba hapo. Mabaharia wa pwani yetu nao wana kaskazi, kusi na matlai, pale ambapo mtu wa bara anasema tu upepo unavuma. Lugha huwa na maneno mengi pale ambapo watu wake wamekuwa na haja, na huwa na machache kwingineko, hata kama kila mtu anahisi kitu kile kile.

Sura ya mtu ni mojawapo ya sehemu hizo zenye uhaba, na nadhani si kwa Kiswahili peke yake. Tunamtambua mtu kwa jumla ya sura yake, kwa haraka, lakini tukiombwa tumweleze tunabaki na pua pana, mweusi kiasi, ana ndevu kidogo, maneno yanayowatosha watu elfu. Mwaka 1990 Jonathan Schooler na Tonya Engstler-Schooler waliwaonyesha watu video ya wizi wa benki. Baadhi waliambiwa waandike maelezo ya sura ya mwizi, wengine wakapewa kazi isiyohusiana. Kisha wote wakaonyeshwa picha wamchague. Ambao hawakueleza, 64 kati ya kila 100 walimpata. Walioeleza, 38 tu. Mwaka 2014 maabara nyingi za nchi mbalimbali zilirudia jaribio hilo na athari ikaonekana tena, ingawa kiasi chake kilitegemea maelezo yaliombwa lini. Kule kulazimisha maneno kunaweza kuwa kuliharibu kile shahidi alichokuwa nacho.

Kwa hiyo kumweka bibi kando halikuwa jambo sahihi. Alishindwa kusimulia, na kusimulia si kutambua. Tena angalieni mazingira: mmeleta mtu mmoja tu, watu wamejaa, wote wanatarajia aseme “ndiye”, naye akasema “siye”. Jibu hilo limekwenda kinyume cha msukumo wote uliokuwepo, na kwangu lina uzito kuliko “ndiye” ingekuwa nao. Sisemi yuko sahihi. Kutambua sura nako hukosea, hasa kwa mtu uliyemwona kwa sekunde chache na kofia ngumu kichwani. Nasema hajapimwa bado.

Msimwombe tena aeleze. Mkitaka kumpima, atafutwe mtu asiyejua dereva anayetuhumiwa ni yupi, amwonyeshe bibi picha kadhaa za vijana wanaofanana umri na umbo, moja baada ya nyingine, na kabla ya kuanza aambiwe wazi kwamba huenda aliyemwona hayumo. Akitaja mmoja, aulizwe hapo hapo ana uhakika kiasi gani, na jibu liandikwe kwa maneno yake. Lakini kabla ya yote hayo itazameni video tena mahali pikipiki inapogeuka. Ikiwa namba ya usajili inasomeka, mwenye pikipiki atajulikana, naye ndiye wa kwanza kuulizwa siku ile alimkabidhi nani funguo. Na kama itathibitika dereva aliyeletwa siye, shauri limefika mahali pa polisi, halipo tena kwenye mamlaka ya kusuluhisha.